Tantalus na Niobe ndani ya koltani yetu

Bwana Mhariri,

Makala yenu kuhusu koltani, jiwe lenye metali mbili za tantali na niobi, ilisema kwamba majina ya metali hizo ni ya Kigiriki yaliyobandikwa kwa mapambo tu. Sivyo. Walioyatoa walikuwa na sababu, na sababu hiyo inamgusa hata mnunuzi wa Goma.

Katika hadithi za Wagiriki, Tantalus aliadhibiwa kusimama majini hadi kidevuni. Kila alipoinama anywe, maji yalimkimbia. Mwaka 1802 mkemia wa Sweden, Anders Ekeberg, alikuta oksidi (metali iliyoungana na oksijeni) ambayo hata uizamishe katika asidi tele, hainywi kitu. Metali yake akaipa jina la Tantalus. (Asidi ya haidrofloriki huiyeyusha, lakini hiyo si ya kuchezea.)

Mwaka mmoja kabla yake, Charles Hatchett wa Uingereza alikuwa ametangaza elementi aliyoiita kolumbi. Mwaka 1809 mkemia Mwingereza Wollaston akashikilia kuwa kolumbi na tantali ni kitu kimoja. Ndipo 1844 Heinrich Rose, huko Berlin, akaonyesha kuwa ni mbili, ile nyingine akaiita kwa jina la Niobe, binti Tantalus. Akadai na ya tatu, pelopi, kutoka kwa Pelops, kaka yake Niobe. Hiyo haikuwepo: ukoo ulizidi madini. Kolumbi imebaki kwenye silabi ya kwanza ya koltani, ingawa tangu 1950 jina rasmi ni niobi.

Baba na binti hawaachani jiweni, na hapo ndipo pesa hupotea, maana bei hufuata asilimia ya oksidi ya tantali. Jiwe lenye niobi nyingi huwa na uzito mara 5.2 hivi ya maji ya ujazo uleule. Lenye tantali nyingi hufika mara 8. Lipime hewani, kisha likining'inia majini kwa uzi. Likiwa gramu 50 hewani na 42 majini, tofauti ni 8; gawanya 50 kwa hiyo 8: unapata mara 6.25. Mapovu yakiling'ang'ania, mizani ya majini husoma pungufu na jibu hushuka. Tia tone la sabuni, ulitikise.

Kasiterite, jiwe la bati, ndiyo mchawi. Yenyewe ni mara 7 hivi, katikati ya hizo mbili, kwa hiyo mchanga uliochanganyika nayo hukudanganya hata mizani ikiwa nzima. Hapo itakubidi mashine ya eksirei, nayo husoma uso wa sampuli tu: saga kwanza, changanya vizuri, ndipo upime.

Msomaji wenu,
Goma