Ni Baraza lipi lililopiga kura?

Mhariri,

Kila vita inapopamba moto tunasoma kwamba "Umoja wa Mataifa wapitisha azimio", nasi tunasubiri bunduki zinyamaze. Hazinyamazi, na wengi wetu tunabaki kuutukana umoja mzima.

Naomba waandishi wenu watutajie ni chombo gani kilichopiga kura. Katika Baraza Kuu kila nchi ina kura moja, lakini maazimio yake kuhusu vita hayamlazimishi mtu kisheria. Machi 2, 2022 nchi 141 ziliitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine; 5 zilipinga, 35 hazikufungamana na upande wowote. Majeshi hayakuondoka.

Mwenye meno ni Baraza la Usalama, ila meno yenyewe yamo vinywani mwa watano: Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Mmoja wao akipinga (hiyo ndiyo kura ya turufu), azimio limekufa, hata wajumbe wengine wote 14 wakiliunga mkono. Ndivyo Marekani ilivyofanya kuhusu Gaza zaidi ya mara moja, na Urusi kuhusu Syria na Ukraine. (Kujizuia kupiga kura si kupinga, hata hilo magazeti huchanganya.)

Jingine: tangu Aprili 2022, kura ya turufu ikitumika, Baraza Kuu huitishwa ndani ya siku 10 za kazi kuijadili. Vikao hivyo mimi huvisikia kwa nadra mno. Je, havina habari, au hakuna anayetumwa kuvifuatilia?

Msomaji wenu wa kila siku