Kabla hatujakata vyuma vya ndani ya gari lako

Wateja wanaoandaa gari la mashindano hutuambia: "Fundi, ondoa kila chuma cha ndani kisicho na kazi." Kazi hiyo tunaifanya, na tunaipenda, ila tunaanza na mizani. Breketi (kipande cha bati cha kushikilia kitu) iliyochomelewa sakafuni, ukubwa wa kiganja, bati la milimita 1.5, ina gramu 120 hivi. Ukikata 20 za namna hiyo hujafikisha hata kilo 3, na siku nzima imekwisha. Kiti cha nyuma, zulia, spea na jeki vinatoka kwa spana tu, na uzito wake ni mkubwa zaidi kwa mbali. Hivyo ndivyo tunavyovitoa kwanza.

Inafuata lami ya kuzuia kelele. Tunaifunika kwa barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, hadi ikakamae. Ukiigonga kwa nyundo inabanduka vipande vipande. Milango yote huwa wazi, kwa sababu gesi yake ikijaa ndani inakosesha pumzi.

Sasa vyuma vyenyewe. Vingi vimeshikwa kwa nukta za kuchomelea, yaani vidoa vinavyounganisha bati la juu na la chini, kila kimoja milimita 5 au 6 hivi. Tunafungua betri, tunachungulia uvunguni kuona mabomba ya breki na ya mafuta yanapita wapi, ndipo tunakwangua rangi hadi nukta zionekane. Kila nukta tunaipiga senta panchi (chuma chenye ncha cha kuweka alama) katikati, kisha tunaingiza biti ya milimita 8 ya kukatia nukta. Hapa haraka haifai: biti inatakiwa kukata bati la juu peke yake. Fundi anakata kidogo, anasimama, anatazama. Akiona pete nyembamba imezunguka nukta, bati la juu limeachia. Anapenyeza tindo na kugonga taratibu. Anayekimbilia grenda mara nyingi hutoboa sakafu.

Kuna vyuma ambavyo hatukati hata ukisisitiza: boriti inayopita chini ya viti vya mbele, nguzo za milango, vizingiti, na mahali mkanda wa usalama ulipofungwa. Tuliwahi kuletewa gari ambalo boriti hiyo ilikuwa imeshaondolewa kwingine. Tulipoliinua kwa jeki upande mmoja, mlango wa dereva ukagoma kufunga. Bodi ilikuwa inajikunja mbele ya macho yetu. Tulichomelea boriti nyingine, na ile kazi ya kurudisha ilikula muda mwingi kuliko ya kukata. Gari linalobeba abiria barabarani hatulikati kabisa. Hapo tunaishia kwenye vile vya spana.

Mahali palipokatwa panabaki chuma kitupu, na kutu haisubiri. Siku hiyo hiyo tunapaka praima ya zinki, tunaziba viungo, kisha rangi.

Ukija, njoo na kanuni za daraja unaloshindania, maana madaraja mengine hayaruhusu bodi kuguswa. Tuambie pia kama utafunga keji, yaani fremu ya mabomba ya kumlinda dereva gari likipinduka, kwa kuwa miguu yake inahitaji sakafu nzima na imara. Gari tunalipima kabla na baada, nawe ukiwepo, na kila kipande tulichokitoa tunakiweka kwenye mizani ukione.