Dada wa kitenge cha njano, asante

Dada, jina lako sikukuuliza, na hilo linanisumbua mpaka leo. Tulikaa benchi moja kliniki ya wajawazito hapa Mwanza. Mimba yangu ilikuwa ya miezi mitano, na nilikuwa na wiki tatu tu tangu nihamie kutoka Tanga. Mume kazini kutwa, mama mbali, majirani ni salamu za mlangoni basi.

Siku hiyo nilimezeshwa vidonge vya SP vya kuzuia malaria, vile vya kumeza palepale mbele ya nesi, nami sijatia kitu tumboni. Kichefuchefu kikanishika. Ukanimegea kiazi chako kitamu, ukanishikia pochi. Ukaniambia vile vya kuongeza damu nisivimeze na chai, maana chai huzuia madini ya chuma kuingia vizuri mwilini. (Ule udongo niliokuwa nikiutafuna kwa siri uliuona, ukacheka tu. Nimeuacha. Karibu wote.)

Lakini hasa nakushukuru kwa kuniita kwa wenzako wawili wa benchi la nyuma: “Huyu mgeni wetu, msimwache.” Hawakuniacha. Tulishikiana foleni, tukapeana nguo za watoto, na uchungu uliponianza saa nane usiku, mmoja wao ndiye aliyepanda bajaji nami.

Wewe nasikia ulikwenda kujifungulia kwenu. Binti yangu ametimiza wiki 6, leo tumetoka kwenye chanjo. Ukirudi, wenzako wanajua ninapokaa. Nimekuwekea doti ya kanga.