Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Randa za Mbao

Ndugu wanachama, wazee wetu walezi, na wageni mliokuja kutusikiliza,

Salamu nyingi. Katiba yetu inanidai nisimame mbele yenu kila mwaka nieleze tulichofanya na tulichoacha. Hesabu mtasomewa na mhazini, na mahudhurio yako kwa katibu. Mimi nitalieleza jambo moja tu lililomeza sehemu kubwa ya mwaka wetu, nalo ni randa, kile kifaa cha mkono cha kulainishia mbao. Nikimaliza nitawaomba uamuzi juu ya mfuko wa vifaa, kwa sababu kamati imegawanyika na sipendi mgawanyiko huo ufichwe kwenye kabrasha.

Mnajua tulivyofika hapa. Mwenye eneo alitukataza kuwasha mashine baada ya magharibi, na wengi wetu ni watu wa ofisini, waalimu, manesi, na dereva mmoja wa basi; jioni ndiyo saa yetu. Hakuna anayekula kwa useremala humu. Tunatengeneza viti vya bibi, masanduku, na rafu zisizoisha. Mashine ikizimwa inabaki mikono, na mikono ikabaki na zile randa za chuma za bei nafuu tulizoagiza kwa pamoja. Sitataja chapa. Tumbo lake, yaani uso wa chini unaoteleza juu ya ubao, halikunyooka, kisu kilikuwa kinacheza kwenye kitako chake, na ukikaza skrubu upande huu inalegea upande ule. Mwenzetu mmoja alisugua tumbo la ya kwake juu ya msasa hadi vidole vikafa ganzi, akaweka rula, na mwanga bado ukapita katikati.

Wazo la kujitengenezea randa za mbao lilipotoka, kuna waliocheka. Mafundi samani wa Keko, hapa Dar es Salaam, nao walicheka, wao ambao wanakula kwa kazi hii na hawana muda wa kuchezea vifaa. Nawaelewa. Lakini randa ya mbao haikuachwa kwa sababu haikati. Meli ya kivita ya Kiingereza, Mary Rose, ilizama mwaka 1545, na ilipopatikana chini ya bahari, vifaa vya seremala wake vilikuwemo, randa za mbao miongoni mwake. Kilichobadilisha mambo ni skrubu ya kurekebishia kisu. Kampuni ya Stanley ya Marekani ilinunua haki za Leonard Bailey mwaka 1869, na tangu hapo fundi akaanza kushusha na kupandisha kisu kwa kidole badala ya nyundo ndogo. Ni raha kweli. Ila raha hiyo iko kwenye kurekebisha. Ubora wa ukataji unatoka kwenye kisu kikali, kitako kilichonyooka na mdomo mwembamba, ule upenyo wa chini kisu kinapotokea, na vyote hivyo vinawezekana kwenye kipande cha mbao.

Njia ya zamani ya Ulaya ilikuwa kutoboa tundu la kisu ndani ya gogo zima kwa patasi, kazi inayotaka mkono uliozoea. Sisi tulifuata njia ya James Krenov, aliyezaliwa Siberia mwaka 1920, akasomea useremala Sweden kwa Carl Malmsten, kisha akafundisha miaka mingi huko Fort Bragg, California. Unachukua kipande cha mbao ngumu cha urefu wa milimita 250 hivi, unakipasua pembeni pande mbili upate mashavu, kisha kile cha kati unakikata kwa mshazari. Nusu ya nyuma ndiyo kitako ambacho kisu kinalalia. Nusu ya mbele ndiyo njia ya maranda kutokea. Unarudisha mashavu kwa gundi, na tundu limejipata lenyewe bila kutoboa. Kati ya mashavu unapitisha kijiti cha mbao ngumu, na kabari inajibana kati ya kijiti hicho na kisu. Hakuna skrubu hata moja.

Maelezo hayo yanasomeka kwa dakika mbili. Kazi yenyewe iko kwenye kitako. Kikiwa na mbonyeo hata wa unene wa karatasi, kisu kinapiga kelele kwenye mbao na kuacha mistari kama bati la mabanda. Tulipaka chokaa ya rangi nyuma ya kisu, tukakibonyeza mahali pake, tukakitoa na kutazama rangi imeshika wapi. Paliposhika rangi panapunguzwa kwa patasi, nywele kwa nywele, hadi rangi ishike juu, chini na kingo zote. Jioni kadhaa ziliishia hapo tu, watu wameinama, hakuna anayeongea. Mama mmoja aliyejiunga mwaka huu, ambaye hajawahi kushika patasi maishani, ndiye aliyepata kitako safi kabla ya wengine. Nadhani ni kwa sababu hakuwa na haraka ya kuonyesha kwamba anajua.

Kuhusu pembe ya kitako, vitabu vya Ulaya vinasema nyuzi 45. Kwa mbao laini yenye nyuzi zilizonyooka, kama msonobari wa mashamba ya Sao Hill, Iringa, inatosha. Kwa mbao zetu ngumu ambazo nyuzi zake zinapishana, ukipiga randa ya nyuzi 45 zinanyofoka, unabaki na vishimo ambavyo msasa hauondoi bila kula nusu ya ubao. Waliokata vitako vyao kwa nyuzi 50 walipata uso safi kwenye mkongo, ingawa ni kweli randa inakuwa nzito kusukuma. Naomba mwakani wote tukate 50 na tusibishane tena.

Mdomo nao usiufungue mapema. Ukiunganisha gundi, kisu kinatakiwa kisipite kabisa. Unafungua kwa tupa, kidogo kidogo, mpaka maranda yaanze kutoka, na unakoma hapo. Kwa randa ya kumalizia, nafasi mbele ya kisu isizidi nusu milimita.

Mbao ilitupa mjadala mrefu kuliko katiba. Mninga ulipendwa na wengi kwa sababu hauhangaiki na unyevu. Ukikauka vizuri unakaa kimya, na Dar es Salaam hiyo ni neema. Lakini ni laini kwa tumbo la randa, na ndani ya msimu mmoja mdomo unaanza kuliwa. Mvule tuliuacha baada ya patasi mbili kugonga vijiwe vilivyo ndani yake. Mti huo huweka chokaa ngumu ndani ya mbao, na chokaa haijali umenoa vipi. Mtiki unafaa, ila una mafuta na unamaliza makali upesi. Waliopata mkongo, ambao wenzetu wa Mombasa wanauita mbambakofi, walikuwa na randa nzito zinazotulia mkononi.

Halafu kuna mpingo. Hauelei majini, na ukiupiga msasa mwembamba unateleza kuliko chuma. Wachache walipata vipande vilivyobaki kwa wachongaji wa Mwenge, wakavipasua vembamba na kuvibandika kwenye tumbo la randa ya mninga. Wengine gundi iliachia, na sababu ni mafuta ya mpingo wenyewe. Ufute kwa spiriti, uache ukauke, kisha gundi papo hapo kabla mafuta hayajapanda tena. Tukinunua tudai stakabadhi halali, maana jamii nzima ya mpingo ipo chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa tangu mwaka 2017, na chama cha wastaarabu hakinunui mbao za usiku.

Sasa visu, kwani hapa ndipo penye hoja yangu ya leo. Kisu kizuri cha dukani ni ghali na mara nyingi lazima kiagizwe nje. Tukaenda kwa wauza vyuma chakavu wa Buguruni na kurudi na tupa kuukuu. Tupa bapa ya inchi 12 ina upana wa milimita 30 hivi, unaotosha kwa randa ndogo, na chuma cha tupa nzuri kina kaboni ya kutosha kushika makali. Sema siyo kila tupa: za bei rahisi zimekolezwa ngozi ya juu tu na ndani ni chuma laini. Ipe joto ncha, izamishe, uivunje: ikikatika ghafla na ndani inaonekana punje nyororo za kijivu, chukua, ikipinda, irudishe kwa mwenyewe.

Tulifanya kazi ya moto Jumamosi mchana, kwa makaa na mivukuto ya kuazima. Tupa kwanza inapashwa hadi nyekundu na kufukiwa kwenye majivu ilale usiku kucha, ilainike. Asubuhi unaondoa meno, unakata, unachonga pembe ya makali. Kisha moto tena, safari hii na sumaku pembeni. Chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Ongeza joto kidogo, kisha kizamishe wima kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa. Kikitoka ni kigumu mpaka tupa nyingine inateleza juu yake, lakini ni cha kuvunjika, kwa hiyo kinarudi kwenye oveni ya jikoni, nyuzi 200, saa moja au zaidi, hadi kionyeshe rangi ya majani makavu. Mzee wetu mlezi, mhunzi mstaafu wa karakana, hakutumia sumaku wala saa. Aliangalia rangi kivulini, akasema "bado", akasema "bado", akasema "sasa". Visu vyake vyote vilishika.

Matokeo yake mmeyaona mezani mlipoingia. Maranda ya mkongo yaliyokaa kwenye sahani ile yametoka kwenye kisu cha tupa, siyo cha duka. Mwenzetu mmoja ametengeneza randa kwa mtindo wa Kijapani, anayoivuta kuelekea kwake badala ya kuisukuma. Tumemcheka, ila ubao wake ni laini kuliko wa kwangu.

Masika yalitufundisha lingine. Randa zilizokuwa sawa mwezi wa pili zilianza kuruka katikati ya ubao mwezi wa nne. Mbao ilikuwa imevimba na tumbo limepinda. Dawa yake ni msasa uliobandikwa kwenye kioo kinene, lakini kuna sharti ambalo wengi walilikosa: sawazisha tumbo kabari ikiwa imekazwa na kisu kimerudishwa ndani kidogo, kwa sababu kabari inapobana inapindisha mwili. Ukisawazisha randa tupu, unasawazisha randa ambayo hutaitumia. Na unapomaliza kazi, legeza kabari. Kukiacha kisu kimebanwa wiki nzima kwenye unyevu wa pwani ni kutafuta ufa.

Kwa ufupi juu ya mengine: maktaba ya vifaa inaendelea, ingawa jiriwa mbili na keekee moja zimeazimwa na hazijarudi, mnajijua. Michango ya kila mwezi inachelewa kama kawaida. Ziara ya kwenda kuwaona mafundi wa majahazi iliahirishwa kwa sababu ya mvua, na kamati inaomba iwekwe tena baada ya Idi.

Narudi kwenye mfuko wa vifaa. Sehemu ya kamati inataka tununue msumeno wa mkanda. Hoja yao ina uzito: kupasua mashavu kwa mkono ni kazi inayochosha, na watu wawili waliacha mradi hapo hapo kwenye kupasua. Sipingi kwamba msumeno ungetusaidia. Lakini msumeno huo utalala kila jioni, kwa sharti lile lile la mwenye eneo, na utatumika Jumamosi peke yake. Fedha hizo hizo zinatosha vinoo vizuri vya viwango vitatu, mawe bapa ya kusawazishia vinoo hivyo, na oveni ndogo ya umeme isiyo ya mke wa mtu. Hivi vitafanya kazi kila siku tunapokutana, bila kelele. Kwa kupasua, napendekeza tumlipe fundi wa Keko mwenye mashine atupasulie mbao za wote kwa siku moja, nasi tufanye yaliyobaki. Katibu ataeleza upande wa pili. Amejiandaa na nimesoma hoja zake, siyo dhaifu.

Pendekezo la pili ni kwamba kila mwanachama mpya aanze kwa kujitengenezea randa moja kabla ya kuruhusiwa kuazima vifaa vya pamoja. Siyo kama adhabu ya kujiunga. Tumeona mwaka huu kwamba aliyechonga kitako chake mwenyewe anajua kwa nini randa inaruka, na hatuletei ikiwa imevunjika akiuliza nani ameiharibu. Anayeona sharti hili litawafukuza watu aseme leo, kabla ya kura.

Kura zitapigwa kwa kunyoosha mikono baada ya chai, kwanza juu ya mfuko, kisha juu ya sharti la randa. Waliochelewa kulipa michango wanaruhusiwa kusema ila hawapigi kura, isipokuwa wamwone mhazini kwanza. Ameketi karibu na mlango na daftari lake liko wazi.

Mwenyekiti