Barua kwa mwanangu: sukari ya bibi na saa za kiharusi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Dodoma mjini. Bibi yako sasa yuko mikononi mwako huko Kondoa, na kisukari chake kinamweka karibu na kiharusi kuliko wazee wenzake. Nakuandikia cha kufanya siku hiyo ikija, Mungu apishe mbali.

Ukiona mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki au maneno yanakokota, tafuta gari, kisha andika saa ambayo mara ya mwisho alionekana mzima, si saa uliyomkuta. Akiamka na dalili hizo, hesabu tangu alipolala. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda huwekwa ndani ya saa nne na nusu tangu wakati huo, baada ya CT scan, mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu. Kwa hiyo asipewe aspirini nyumbani, wala msimkande kwanza. Barabara ya kuja huku peke yake ni kama saa mbili, basi uliza leo, kabla ya shida, ni hospitali ipi ina CT inayofanya kazi hata usiku.

Gari likiwa linakuja, mpime sukari. Ndicho kipimo cha damu ambacho daktari lazima akione kabla ya kuweka dawa hiyo, kwa sababu sukari iliyoshuka sana inaweza kumlegeza mtu upande mmoja, ukaapa ni kiharusi. Osha kidole chake kwa maji, ukikaushe vizuri. Zile zabibu ninazowatumia, maji yake yakibaki kidoleni, mashine itakusomea 14 kumbe damu ina 6 (namba zote za sukari humu ni za mmol/L).

Ikiwa chini ya 3.9, naye yuko macho na anameza vizuri, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, anywe akiwa ameketi. Pima tena baada ya dakika 15, hata kama mko njiani. Akipaliwa au mate yakimtoka, usimpe kitu mdomoni, kitaingia mapafuni.

Ikiwa juu, tuseme 18, usimchome insulini ya ziada. Najua utashawishika. Sukari nyingi kweli inadhuru: ubongo uliokosa oksijeni huigeuza kuwa asidi, sehemu ambayo ingeokolewa inakufa, na ubongo huvuja damu kwa urahisi zaidi baada ya ile dawa. Lakini kuishusha kwa pupa hakusaidii. Utafiti wa SHINE uliofanyika Marekani, matokeo yake yakatoka 2019, ulifuatilia wagonjwa wa kiharusi 1,151 wenye sukari ya juu. Kundi moja lilishushwa sukari kwa dripu ya insulini hadi kati ya 4.4 na 7.2, jingine likaachwa chini ya 10. Baada ya siku 90 hali zao zilikuwa sawa, ila katika kundi la kwanza asilimia 2.6 sukari iliwashuka vibaya sana. La pili, hakuna hata mmoja. Basi muuguzi akikuambia 9 inatosha, usigombane naye. Wodini hulenga kati ya 7.8 na 10.

Kopo la stripu, vile vipande vya kupimia sukari, lifunge kila unapotoa moja, unyevu unaziharibu, na tazama tarehe ya mwisho. Mashine, kalamu ya kuandikia na orodha ya dawa zake viweke kwenye mfuko mmoja, uutundike nyuma ya mlango.

Mama yako