Mizani iwekwe nyuma ya pazia

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelinunua miaka 19 bila kukuandikia hata mstari. Ila ile habari yenu iliyosema watu wanene "wameshindwa kufunga mdomo" imenikaa rohoni.

Chini ya ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi. Humo zimo seli zinazoita njaa na seli zinazosema tosha, na zote husikiliza leptini, homoni itokayo kwenye mafuta ya mwili, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya wakilishwa mafuta mengi, sehemu hiyo hupata uvimbe kama wa kidonda ndani ya siku tatu, kabla hawajanenepa. Picha za ubongo wa watu wanene nazo zilikuwa na dalili kama hizo. Panya wakirudishiwa chakula cha kawaida, uvimbe hupungua. Yaani ni jeraha, na jeraha huuguzwa. Halitukanwi.

Juni nilimsindikiza dada yangu kliniki moja hapa Mbeya. Mizani ilikuwa mlangoni, mbele ya mabenchi. Muuguzi akapaza sauti: "Kilo 104! Mama, punguza sahani!" Watu wakacheka. Dada akashuka, akavaa ndala, ya kulia mguu wa kushoto, akaondoka hivyo hivyo na cheti akakiacha mezani. Presha anayo, na hajarudi tena. Huyo ni mtu anayefunga Kwaresima nzima! Anayekula nusu kipande cha ugali jioni, kisha saa nane usiku namsikia jikoni anafunua sufuria huku analia. Nani anapenda kuishi hivyo? Mngemuuliza yeye kabla ya kuandika.

Na viazi je? Vinatoka Isyonje na Uyole kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, marufuku ipo na mkulima bado anapunjwa, kisha vinaturudia chipsi zilizokaangwa kwa mafuta meusi ya juzi, watoto wananunua wakitoka shule. Mizani ya kumwaibisha mama ipo, ya kupimia gunia shambani haionekani.

Naomba kila kliniki iweke mizani nyuma ya pazia, kilo ziandikwe kwenye cheti na zisitamkwe. Ile ya dada yangu nitaishonea mwenyewe, mita tatu za kitenge zinatosha. Waniambie tu upana wa mlango.

Fundi cherehani,
Mwanjelwa, Mbeya