Risala ya Kikundi cha Utafiti wa Dawa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Ulichoonyeshwa mezani ni chembe za nano za lipidi, yaani za mafuta: vifuko vya kufikisha dawa ndani ya seli, kila kimoja kikiwa na upana wa nanomita 60 hadi 100 hivi.

Mheshimiwa, kifuko kina viungo vinne: lipidi inayopata chaji kwenye asidi, fosfolipidi (lipidi ya aina inayounda utando wa seli), kolesteroli na lipidi yenye mkia wa PEG, polima inayopenda maji. Katika patisirani, dawa ya RNA (molekuli ya maagizo ya jeni) iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, uwiano wa viungo hivyo kwa moli, yaani kwa idadi ya molekuli, ni 50:10:38.5:1.5. Lipidi huyeyushwa katika ethanoli, RNA katika bafa (kimiminika kinachodumisha kiwango cha asidi) ya pH 4, kisha sehemu moja ya ethanoli hukutanishwa na tatu za bafa ndani ya mfereji mwembamba. Hapa kasi ndiyo kila kitu. Vikichanganyika polepole, vifuko hutoka vikubwa na visivyolingana. Mwisho ethanoli huondolewa kwa dialisisi, yaani kuchuja kupitia utando, na pH kupandishwa hadi 7.4.

Wengi hudhani kazi ngumu ni kuingia ndani ya seli. La hasha! Seli hukimeza kifuko yenyewe, lakini hukifungia ndani ya endosomu, chumba kidogo cha utando ndani ya seli. Kisipotoka mapema, huishia kwenye lisosomu na kumeng'enywa. Asidi ya endosomu inapoongezeka, lipidi ile ya kwanza hupata chaji chanya, hunasana na utando wenye chaji hasi na kuuvuruga, RNA ikapata upenyo. Hata hivyo, vipimo vilivyochapishwa vimeonyesha kuwa asilimia 1 hadi 2 tu ya RNA ndiyo hutoka. Kwa maoni yetu, juhudi zielekezwe hapo. Kuongeza PEG hakusaidii, kwani ikizidi seli hushindwa kukishika kifuko.

Ipo pia changamoto ya ini. Apolipoprotini E, protini ya damu inayobeba mafuta, hukivaa kifuko, na ini hukivuta: heri kwa maradhi ya ini, kikwazo kwa mapafu.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja: mashine ya kupima ukubwa wa chembe kwa mtawanyiko wa mwanga. Kielelezo cha kutolingana kwa ukubwa wa chembe kikizidi 0.2, mchanganyiko hutupwa kabla ya kugusa seli. Bila kipimo hicho, dawa ikishindwa hatuwezi kujua kama kosa ni la lipidi au la uchanganyaji.

Tunaomba kuwasilisha.